Rangi ya Kumpokea Mkaguzi

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usisikitike, hukukosa mazuri. Mto ulifurika, ukaingia nyumbani kwangu bila hodi, ukapanda hadi usawa wa swichi ya taa. Mimi na wifi yangu tulikaa juu ya meza ya kulia kama vyombo vya wageni mpaka maji yalipochoka yenyewe. Cherehani yangu ilizama. Kabati la nguo lilielea, likaenda kugonga mlango wa jikoni kama mtu mwenye haraka zake.

Ndipo mwanangu, fundi wa friji, alipofichua kwamba aliikatia nyumba bima ya mafuriko. Tulihangaika kwanza, kwa sababu bima ya namna hii ukiikata leo haianzi leo. Kuna muda wa kungoja, ili watu wasiikate huku wanalitazama wingu. Tukakuta muda ule ulishapita zamani. Tukashukuru. Hapo ndipo nilipowaachia.

Sasa sikilizeni tulivyoharibu.

Mwanangu alikuja, akaizunguka nyumba, akasimama nyuma. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa wa kupitisha kiganja, na kona ya msingi ilikuwa imekaa chini kama mtu aliyekataa kuendelea na safari. Aliutazama ufa ule kwa muda, akafuta mikono kwenye ovaroli ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Mama," akaniambia, "bima ikilipa, ukuta huu tunaujenga upya na wewe unabaki hapa. Isipolipa, uwezo huo mimi sina. Itabidi tuiuze nyumba kama ilivyo, mje mkae kwangu, wewe na shangazi."

Kwake ni ghorofani, juu kabisa. Dirisha la sebule linatazama dirisha la jirani, na jirani naye anakutazama wewe. Mkwe wangu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini jiko lile ni la mtu mmoja, na mtu huyo si mimi.

Nyumba hii marehemu mume wangu aliijenga chumba kwa chumba, kila alipopata. Ndiyo maana hakuna milango miwili inayolingana. Ukinizungusha humu nimefumba macho nitakwambia tuko chumba gani kwa kugusa komeo tu. Nilimwambia mwanangu mimi sihami. Akasema hilo si la kuamua mimi wala yeye, tumwachie mkaguzi wa bima, atakuja Alhamisi asubuhi. Kisha akaondoka mbio. Kulikuwa na mwenye bucha aliyekuwa akimngoja, friji imekufa na nyama haina subira.

Hakutuambia tusiguse kitu. Simlaumu. Nani huambiwa asiipake rangi nyumba iliyozama?

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa mhudumu wa wodi tangu usichana hadi kustaafu. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililotuponza. Aliposikia neno mkaguzi, alisimama. Wakaguzi aliwajua. Mkaguzi akija wodini, sakafu iwe inang'aa, shuka zikunjwe pembe, ndoo zifichwe, na mgonjwa anayekoroma aamshwe. Wodi iliyokutwa chafu ilitajwa mbele ya watu. Wodi ya wifi yangu haikuwahi kutajwa.

"Alhamisi," alisema. "Na leo ni Jumatatu. Tumechelewa."

Nilimuuliza kama si afadhali mgeni aukute uharibifu mwenyewe kwa macho yake. Alinitazama kama mtu aliyependekeza tumpokee mgeni tukiwa tumelala.

"Akute tope, halafu aseme nini? Si atasema humu wanakaa watu wasiojali? Wifi, mtu asiyejali kitu chake, nani atamlipia?"

Ilikuwa hoja. Siku hizi nikiitafuta kasoro yake naiona waziwazi. Siku ile sikuiona, nikafunga kanga kiunoni.

Tulianza na magodoro. Yalikuwa yamekunywa maji mpaka yanatoa sauti. Tukayapakia kwenye mkokoteni, yakaenda jalalani. Kabati lililovimba tukalipasua kuni. Zulia likafuata magodoro. Tukakwangua tope sakafuni kwa sepetu, tukamwaga maji ya sabuni, tukasugua, tukamwaga tena. Ukutani mto ulikuwa umeacha mstari wa tope kuzunguka nyumba nzima, umenyooka kama uliopigwa na rula. Tuliusugua siku nzima. Ulififia, haukutoka.

"Huu unataka rangi," akasema wifi.

Jirani yetu wa upande wa mlimani, ambako maji hayakufika, ni seremala, na akikosa mbao hupaka rangi. Watu humwita Fundi Kesho, kwa sababu ukimuuliza kitanda chako kitakuwa tayari lini, jibu ndilo hilo. Nimeishi naye jirani miaka mingi, sijawahi kumwona akifanya kazi siku aliyoombwa. Safari hii, kwa balaa langu, alikuja leoleo.

Alikuja na rangi ya kijani iliyobaki alipopaka zahanati. Alipaka sebule, akapaka ukumbi, akapaka chumba changu. Nyuma, kwa moyo wake mwenyewe, aliuziba ule ufa kwa saruji, akausawazisha kwa mwiko, akapaka juu yake. Nilikwenda kuutazama. Nakiri kwamba nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko nilitazama ukuta ule bila kuona dirisha la jirani wa mwanangu.

Chumba cha wifi, kile cha nyuma kabisa, hakikupakwa. Alisema atakisafisha mwenyewe, na mlango ukabaki umefungwa. Sikumsogelea. Chumba cha wifi huingii bila kuitwa, na sote wawili tulikuwa tunalala sebuleni kwenye mikeka.

Jumatano jioni tukagundua kwamba hatuna pa kumkalisha mgeni. Fundi Kesho akatuazima seti ya makochi aliyokuwa ameimaliza, bado imefunikwa nailoni. Wifi aliitoa nailoni. Alisema mgeni akikaa juu ya nailoni atatoa sauti ya aibu, na aibu hiyo ataihesabu ni yetu.

Alhamisi mkaguzi alifika mapema. Kijana mrefu, mpole, amevaa mabuti ya mpira hadi magotini, kamera shingoni, tochi mkononi ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amejiandaa kuingia topeni. Alisimama mlangoni, akatazama sakafu, akatazama mabuti yake. Kisha akayavua, akabaki na soksi.

Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamkaribisha.

"Samahani, bibi," akasema, "nadhani nimepotea. Natafuta nyumba iliyoingiwa na maji."

"Ndiyo hii," nikamwambia.

Alitazama kuta za kijani. Alitazama dari. Wifi alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, kama enzi zake za wodini, anangoja kusifiwa.

"Maji yalifika wapi, bibi?"

"Pale kwenye swichi."

Akaenda kwenye swichi, akapitisha kidole ukutani. Kidole kikatoka na rangi, haikuwa imekauka vizuri. "Sioni alama," akasema.

"Na hutaiona," wifi akamjibu. "Tafuta popote. Tafuta hata vumbi."

Kijana alikaa kwenye kochi. Alikaa taratibu, kama mtu aliyepewa habari mbaya. Aliuliza magodoro yako wapi, nikamwambia jalalani. Kabati je? Tumelipikia. Zulia? Limefuata magodoro. Picha tulipiga? Simu yangu ilikuwa imezama pamoja na cherehani, na ya wifi haina kamera.

Kisha akapapasa kochi, akauliza, bila ubaya wowote, kama makochi haya ni yetu.

Wapendwa, hapo ndipo ninapotaka mnihurumie, ingawa sistahili. Nilikuwa nimesugua kuta siku nzima na mikono imechubuka. Mgeni alikuwa amekaa pazuri. Nilikuwa na hiari ya kusema ni ya kuazima, nionekane maskini, au kusema neno moja fupi.

"Yetu," nikasema.

"Yalikuwa humu siku ya mafuriko?"

Uongo ni kama mbuzi, ukishamfungua hachagui shamba. Nikasema yalikuwemo.

"Na hayakulowa?"

Nilikuwa bado nalitafuta jibu wakati hodi ilipopigwa. Alikuwa Fundi Kesho, na nyuma yake mama mmoja mnene mwenye mkoba, mwenye makochi. Fundi alimwambia mkaguzi, kwa heshima zote, asimame kidogo, mteja aone mto wa kukalia.

Mkaguzi akasimama. Mama yule akabonyeza mto, akageuza mwingine, akasema mbona huu wa moto. Fundi akamwambia ni jua. Wakabeba makochi yao moja baada ya jingine, wifi akiwashikia mlango. Mkaguzi alibaki katikati ya sebule na soksi zake, hana pa kukaa.

Hakunikaripia. Angenikaripia ningepumua. Alinieleza tu, kwa sauti ya mwalimu anayempenda mwanafunzi mzito, kwamba bima za mafuriko ziko mbili. Moja ni ya nyumba yenyewe: kuta, msingi, sakafu, milango. Nyingine ni ya vyombo vilivyomo ndani. Mtu anaweza kukata zote mbili, au moja tu. Mwanangu alikata ya nyumba peke yake.

"Kwa hiyo bibi," akamalizia, "vyombo havimo. Hata ungekuwa na makochi ya dhahabu, yasingeingia kwenye hesabu."

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimedanganya bure. Uongo wenye faida niliwahi kuusikia kwa wengine. Wangu ulikuwa wa hasara tupu.

Nikamwomba twende nyuma akaone ukuta, maana ndicho kiini cha shauri. Akavaa mabuti yake. Nyuma alikuta saruji mpya imepakwa kijani. Akaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Ufa."

"Mbona umezibwa?"

"Ulikuwa mbaya," nikasema.

Aliandika kitu, akafuta. Akaniambia anaamini kulikuwa na ufa, lakini kazi yake haimruhusu kuandika anachoamini, anaandika anachokiona. Na ukuta huwa na njia nyingi za kupasuka. Upo unaopasuliwa na mto uliofurika, na huo bima inaulipa. Upo unaooza polepole kwa sababu paa linavuja na mwenye nyumba hajaliziba, na huo ni juu ya mwenye nyumba. Maji ni maji, alisema, lakini bima hii inayajua yale tu yaliyotoka nje yakapanda kutoka chini. Yaliyoshuka kutoka juu haiyajui.

Nikamwambia haya yalipanda kutoka chini. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu aliyekwambia makochi ni yake.

Tukarudi ndani. Mkaguzi akafunga kamera kwenye mkoba wake. Niliuona ule mkoba ukifungwa, nikaiona nyumba ikienda nao. Kabla hajamaliza, akauliza swali la mwisho, nadhani kwa huruma tu. Je, kuna chumba chochote ambacho hakikupakwa?

Nikamtazama wifi. Wifi akatazama sakafu.

"Kipo," nikasema.

"Hakijasafishwa," akasema wifi.

Sikumbuki kama niliwahi kusikia neno tamu kama lile. Mimi niliyetaka kila kitu king'ae, nilikwenda ukumbini karibu na kukimbia, nikausukuma mlango wa wifi bila hodi. Miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kufanya hivyo.

Tope lilikuwa palepale. Sakafuni limekauka na kupasuka vipandevipande. Ukutani mstari wa mto umepita safi, wa kahawia, usawa wa swichi. Na ufa, ule mwenzake wa nje, umeteremka kona nzima, mweusi, mzuri, haujaguswa. Sijawahi kuupenda uchafu kiasi kile.

Kisha nikaona kitanda. Ni kile cha chuma, hakikuharibika. Juu ya springi zake lilikuwepo begi la wifi, lile kubwa, limejaa. Nguo zimekunjwa pembe kama shuka za wodi. Viatu vyake vya kutokea vimewekwa juu, vimefungwa kwenye gazeti.

Mkaguzi alikuwa bado ukumbini anavaa tena mabuti. Wifi alikuwa nyuma yangu.

"Wifi," nikamuuliza kwa sauti ya chini, "unakwenda wapi?"

Akasema chumba cha kuhama hakipakwi rangi.

"Unahamia kwa mwanangu? Hujaniambia."

"Ungenijibu nini? Wewe unaipenda nyumba. Mimi mvua ikigonga bati naisikia ile meza inasogea chini yangu. Mimi sitalala humu tena, wifi. Ukuta ujengwe, usijengwe."

Kumbe tulikuwa juu ya meza moja, nami nikadhani tuliogopa sawasawa. Mimi niliteremka. Yeye hakuwahi kuteremka.

Nilitaka kumwambia jambo, lakini mkaguzi aliingia, na tochi yake kwa mara ya kwanza siku ile ikapata kazi. Alipiga picha mstari. Akapiga picha ufa. Alichangamka, na mimi nikachangamka naye. Alisema mstari huu ni wa mafuriko, hana ubishi nao, na kama ufa umetokana nao, shauri letu ni zuri. Nikaanza kuupanga ukuta mpya kichwani, na dirisha pana kidogo kuliko la zamani.

Kisha tochi ikapanda juu, ikasimama kwenye kona ya dari.

Pale palikuwa na doa. Kahawia, kubwa, lenye miduara kama shina lililokatwa, na kutoka kwenye doa lile mchirizi umeshuka ukutani hadi kwenye ufa. Mstari wa mto umetoka kushoto. Mchirizi wa paa umetoka juu. Imekutana kwenye ufa uleule, kama ndugu wawili kwenye urithi.

"Paa linavuja?" mkaguzi akauliza.

Linavuja. Marehemu aliliziba, likavuja. Mwanangu aliliziba, likavuja. Wifi aliweka beseni chini yake. Mbele ya kona ile ndipo kabati lake lilipokuwa limesimama, lile lililoelea, kwa hiyo mimi ukuta wa pale sikuwa nimeuona tangu kabati liingie, na kwa nje migomba iliuficha mpaka mto ulipoing'oa.

Mkaguzi alizima tochi. Alisema sasa shauri limekuwa dogo. Halihitaji kipimo wala kamera. Linahitaji kujua jambo moja tu: ufa huu ulikuwepo kabla mto haujaingia, au ulikuja na mto? Ukiwa umekuja na mto, anaandika ukuta ulipwe. Ukiwa ulikuwepo, ni wa paa, na paa ni letu.

Nikafungua kinywa.

Akaniinulia kiganja, kwa upole uleule. "Bibi, mimi na wewe tumeshazungumza habari za makochi."

Nikafunga kinywa.

Akamgeukia wifi. Akamuuliza kama chumba hiki ni chake. Wifi akasema ndiyo. Akamuuliza kama amelala humu miaka mingi, na kama ndiye aliyekuwa akilisogeza kabati lile kufagia nyuma yake. Wifi akasema kila Jumamosi, na asiyefagia nyuma ya kabati asijiite msafi.

"Basi wewe ndiye unayejua," akasema mkaguzi. "Na nitaandika utakavyosema."

Tangu niolewe katika ukoo huu sijamsikia wifi yangu akisema uongo. Aliwahi kumwambia mganga mkuu kwamba viatu vyake vinanuka. Nilimtazama usoni, nikamtafuta, sikujua natafuta nini. Kama ufa ulikuwepo, ataiuza nyumba yangu kwa kusema kweli. Kama haukuwepo, atanijengea ukuta wa nyumba ambayo yeye hatalala tena. Na kama akitaka kunichukua twende naye ghorofani ili asiwe peke yake kule, neno moja lilimtosha.

Hakunitazama. Alisogea hadi kitandani, akaona zipu ya begi imebaki wazi kidogo, akaivuta mpaka mwisho. Akakaa kando ya begi, mikono magotini, mgongo umenyooka, kama mtu anayehojiwa na mkaguzi wa kweli.

"Mwanangu," akamwambia, "ufa huo naujua vizuri."